Niliyosema Nimeyasoma Kwenye Monita

Siku ya kuondoa matanga ya binti yangu, vitu vyake vilipangwa juu ya mkeka uani, na mzee aliyeongoza kikao akasema mama mzazi achague kwanza. Palikuwa na vitenge ambavyo hajawahi kuvivaa, koti la baridi, sufuria, redio, pasi, na vile vya kazini kwake. Nikapita vitenge. Nikapita redio. Nikaweka mkono juu ya kile kioo cha kompyuta, wenyewe wanakiita monita, kile cha zamani chenye kisogo kirefu kama cha televisheni. Nikasema, hiki.

Shangazi yake mmoja akacheka ndani ya kitenge chake, na mwingine akauliza, si kwa kuninong'oneza, kama mama sasa atakuwa karani. Zamu ilipofika upande wa mume wake, kaka mkubwa wa mume alichukua lile boksi la kompyuta linalokaa chini ya meza pamoja na kibodi, akavitia kwenye gunia la kahawa aende navyo kwake Mlowo, upande wa Mbozi. Nilimtazama akifunga gunia nikamwona mjinga. Nilijua kwamba mimi nimechukua chenye maneno na yeye kachukua sanduku tupu.

Nieleze kwa nini nilijua hivyo.

Binti yangu alikuwa na kibanda cha kuchapa barua hapa Tunduma, si mbali na geti la mpaka, miaka ile kompyuta zilipoanza kuonekana mjini kwetu. Madereva wa malori walikuja kwake kuandikiwa karatasi za mzigo kabla ya kuvuka kwenda Zambia. Mimi niliuza unga sokoni, na mchana nilimpelekea chakula, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya mgongo wake nikingoja vyombo. Nilichokiona ndicho hiki: anabonyeza, herufi zinatokea kwenye kioo. Dereva anainama anasoma kwenye kioo. Akikosea jina, binti yangu analifuta kwenye kioo. Chini ya meza lilikuwepo boksi, na juu ya lile boksi yeye alikuwa anaweka miguu, ndala kazivua, kwa sababu linatoa joto na Tunduma kuna baridi. Sasa nani anaweka miguu juu ya barua za watu? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu sikuuliza mtu.

Alipolazwa hospitali, wiki ya tatu, nilikuwa namnywesha uji. Akanishika mkono wa kijiko akasema, "Mama, habari ya mtoto nimeiandika. Ipo kwenye kompyuta."

Nikamwambia, "Acha maneno ya kufa. Kunywa."

Akanywa. Alikuwa mtu mzima, ana mtoto, ana kibanda chake, lakini nikimwambia kunywa anakunywa. Asubuhi ya pili yake hakuwa tena na sauti, na ya tatu wakaniita mlangoni. Kwa hiyo sitasema kwamba hakuniaga. Aliniaga, na mimi nikamfunga mdomo kwa kijiko.

Mtoto huyo alikuwa msichana wa miaka saba, darasa la kwanza. Baba yake alikwishakufa barabarani miaka miwili nyuma. Watu wa baba yake ni Wanyiha wa Mbozi, watu wa kahawa na kanisa, nami sitawasingizia, si watu wabaya. Walikuwa wametoa mahari yote, hawakubakiza hata mbuzi, na mimi nilipokea na kula. Kwa mila, mtoto ni wao. Pale kwenye matanga walisema kwa adabu tu: mtoto akae kwanza kwa bibi yake amalize majonzi, kahawa ikishavunwa watakuja tukae. Maana yake nilikuwa na miezi mitatu, minne hivi.

Lakini binti yangu alikuwa ameandika. Kama ameandika mtoto abaki kwangu, hata wao wasingepinga, kwa sababu wale ni watu wanaoheshimu neno la marehemu. Na kama ameandika vingine?

Hapo ndipo nilipokuwa silali vizuri. Mimi nilimlea yule binti kwa fimbo. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kulia, ndivyo nilivyolelewa na mimi. Alipokuwa na miaka kumi na tano alinitoroka akaenda Ndalambo kwa dada yangu, akakaa huko mpaka nikamfuata na kumwomba. Na siku alipojifungua, naosha nepi, akiwa kalala kitandani na mtoto kifuani, alisema, "Huyu hutamlea wewe, mama." Alicheka, na mimi nikacheka. Sasa yale maneno yakawa yanarudi kila nikishika nguo ya yule mtoto. Nilitaka nisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilitaka nisome peke yangu.

Monita ililetwa nyumbani kwa mkokoteni. Ile barabara ya kutoka stendi ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo niliishika kwa mikono miwili. Nikaiweka juu ya meza chumbani, nikachomeka waya wa umeme. Kulikuwa na waya mwingine unaoning'inia nyuma, una kichwa cha buluu chenye visindano ndani. Sikuona tundu lake ukutani, nikaukunja nikaufunga kwa kamba usitutege miguu. Nikabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikapepesa, ndani kukawa na sauti, tik, tik, tik, kama kuku anadonoa bati. Kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha, vilevile.

Tangu siku hiyo kile kitu kilikaa ndani mwangu kama mgeni asiyesema. Mtoto akitoka shule alikwenda kusimama mbele yake, akijitazama kwenye ule weusi, na akigeuza shingo kidogo kioo kilionyesha mama yake. Si kwamba alifanana naye kiasi hicho. Ni ule weusi uliokuwa unafuta utoto usoni. Nikakifunika kwa kitenge. Jirani yangu akaniambia si vizuri kukaa na kitu cha marehemu ambacho hakiwaki wala hakizimi sawasawa, nikitoe. Nikamwambia akapike, mume wake anakuja. Lakini na mimi nikiingia chumbani nilikuwa napita upande wa kitanda, siupiti upande wa meza. Mimi si mtu wa mizimu. Nasema tu nilipopita.

Nikaenda kwa fundi wa redio na televisheni. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu wa Ujiji, aliyefuata biashara ya mpaka akabaki, na benchi lake nje ya duka halikuwahi kukosa wanaume wanaosubiri redio zao au wanaosubiri tu. Nikamweleza: inapepesa, inadonoa, haiwaki.

"Lete," akasema.

"Siileti."

"Sasa mama, niitibu kwa dua?"

"Nifundishe. Nitaitengeneza mwenyewe."

Benchi likacheka. Mmoja akamwambia fundi ahame, kibanda kimepata mwenyewe. Mwingine akasema wao basi wakauze unga sokoni, kama mama ameuacha. Fundi aliniuliza kuna nini ndani ya hiyo monita mpaka isiguswe. Nikamwambia hakuna kitu, nataka tu. Laiti ningemjibu kweli siku ile ningeokoa miezi miwili, kwa sababu angeniambia palepale. Lakini kuna mambo ya nyumbani kwangu ambayo benchi la Tunduma halitayasikia.

Asubuhi nilikuwa nakwenda kwake kabla ya kufungua unga. Alinipa ubao wa televisheni iliyokufa, ule wa kijani uliojaa vijidude, akanionyesha upande wa chini, pale miguu ya vile vijidude imeshikizwa kwa risasi iliyoyeyushwa, kila mguu na tone lake. Akasema kitu kikidonoa namna hiyo baada ya kurukaruka kwenye mkokoteni, mara nyingi tone limepasuka mahali. Tafuta duara jembamba kuzunguka mguu, kama ufa wa kisigino. Ukiliona, choma upya. Akanifundisha kupasha chuma kwenye mkaa, kwa sababu umeme wetu ulikuwa wa mgao, kukifuta kwa kitambaa, kugusa mguu kwanza upate moto halafu ndipo kuleta waya wa risasi. Nilichafua ubao ule mpaka ukawa kama umekojolewa na mishumaa. Hakunisifu, jambo lililonifanya nimwamini. Siku ya sita au ya saba akapitisha kidole juu ya tone langu moja akasema, "Hili ni tone." Basi.

Jambo moja alinirudishia kila siku mpaka nikachoka. Ndani ya monita, juu ya tumbo la kioo, kuna kikofia cha mpira kama kikombe kilichogeuzwa. Chini ya kile kikofia umeme unalala hata ukiwa umechomoa waya jana. Unachukua bisibisi, unaifunga waya, ncha ya pili ya waya unaibana kwenye chuma cha fremu, unaingiza bisibisi chini ya kikofia mpaka usikie inalia. Ndipo uguse vingine. "Usiiamini kwa sababu ni nyeusi," alisema.

Nikaifungua siku ambayo mtaa mzima hauna umeme, mchana, mtoto yuko shule, juu ya mkeka nyuma ya nyumba. Skrubu nne. Kisogo kikatoka kama ganda la kobe. Ndani mlikuwa na vumbi, si vumbi la nyumbani, lile jekundu la malori, limelala kwenye kila waya kama unga wa ulezi. Na kwenye vumbi, karibu na matundu ya hewa, unywele. Mrefu, umetiwa dawa, mweusi. Wa kwake, kwani wa nani mwingine? Alikuwa anasuka na kufumua palepale kibandani akikosa wateja. Nikauweka kwenye pindo la kitenge nikafunga fundo. Nikawa nauwaza ule unywele, na kwa kuuwaza nikasahau kikofia. Nikaingiza mkono kutoa vumbi.

Nilirushwa. Kiwiko kiligonga ukuta, mkono mzima ukawa si wangu, na mdomoni mkawa na ladha ya msumari. Nikajikuta nimekaa kitako kwenye majani nasema, "Nisamehe."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, na hapakuwa na mtu. Yule binti nilimzaa, nikamlea, nikamzika, na sikumbuki hata mara moja kumwambia neno hilo.

Nikangoja mkono urudi. Nikachukua bisibisi yenye waya nikafanya nilivyofundishwa, nayo ikalia kidogo, maana umeme mwingi nilikwisha kuupokea mimi. Nikageuza ubao kwenye jua. Ufa niliuona baada ya kutafuta kama saa nzima: duara jembamba kuzunguka mguu wa kile kidude kikubwa chenye nyaya nyekundu. Nikachoma. Risasi ikaruka ikauunganisha na mguu ulio kando yake na sikuona. Umeme uliporudi keshokutwa yake nikawasha, ikapiga mlio mmoja, moshi mwembamba, kimya. Hata kudonoa ikaacha.

Nilirudi kwa fundi nimeshikilia khanga kwa aibu. Hakucheka. Alisema sasa umeua fyuzi, na kuua fyuzi si dhambi, fyuzi imewekwa ife. Akanipa nyingine, akanieleza inakaa wapi, akaniambia nifute lile tone lote nianze upya kwa mkono uliotulia. Benchi lilikuwa limeanza kuniita fundi mama. Mmoja aliniuliza kama nitatengeneza na friji.

Mara ya pili nilimaliza vizuri. Kabla ya kurudisha kisogo nikakifuta kioo kwa mbele kwa maji ya sabuni, mbele kulikuwa na alama za vidole. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu. Na hapo, kwenye kioo kilichozimwa, ambacho hakina waya wowote uliochomekwa, nikaona maandishi.

Nikaacha kufuta. Nikasogea, yakapotea. Nikarudi pale nilipokuwa, yakaonekana: mistari ya kijivu kwenye kijivu, imeingia ndani ya kioo chenyewe, kidole hakiifikii. Nilisoma nilivyofundishwa kisomo cha watu wazima, herufi kwa herufi, midomo inacheza. JINA LA DEREVA. NAMBA YA GARI. AINA YA MZIGO. UNATOKA. UNAKWENDA. ATAKAYEPOKEA. Mbele ya kila neno mstari mtupu. Ilikuwa ile karatasi aliyokuwa anawajazia madereva. Fundi alinieleza baadaye kwamba kitu kikikaa mahali pamoja kwenye kioo asubuhi mpaka jioni kwa miaka, kioo kinaungua, kinabaki nacho. Siku ile sikuwa na maelezo. Nilijua tu kwamba maneno yake yamo ndani, kama nilivyosema tangu mwanzo, na kwamba kama haya yapo, na yale ya mtoto yapo nyuma yake. Nilitafuta jina la mtoto kwenye kile kioo mpaka jua likahama.

Umeme ulipokuja, nikafunga mlango nikawasha. Haikudonoa. Ilitoa mvumo, halafu sauti ndogondogo kama mtu anakanyaga nyasi kavu, na nilipopeleka mkono karibu na kioo, malaika ya mkono yakasimama yote, kama kuna mtu amepita kati yangu nacho. Taa ikakaa kijani. Kioo kikapata uhai, weusi ukawa mwepesi, na katikati kikatokea kidirisha kidogo cha rangi chenye maneno.

Yalikuwa ya Kizungu. Sikuvunjika moyo. Nilisema kaficha, hakutaka kila mtu asome. Nikachukua daftari la mtoto, nikaanza kunakili. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza kioo kikalala, taa ikageuka ya chungwa. Nikachomoa, nikachomeka, maneno yakarudi, nikaendelea pale nilipoachia. Mara tatu hivyo mpaka nikayapata yote, herufi kubwa, nimezichora kama mtu anachora nyumba.

Kesho yake nilimngoja fundi abaki peke yake, wenzake wamekwenda kuswali adhuhuri naye anafunga kibanda awafuate. Nikampa karatasi. Aliisoma upesi, kisha akaisoma tena polepole, nadhani kwa ajili yangu.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye monita. Imewaka."

"Imewaka. Hongera." Lakini hakuwa na uso wa hongera. "Inasema hakuna kinachokuja. Inasema iangalie waya. Ule waya wenye kichwa cha buluu umeuchomeka wapi?"

Nikamwambia nimeufunga kamba.

Akakaa chini tena. Akanieleza, bila haraka, sala ikimpita: kioo ni kioo tu. Kinaonyesha kinacholetwa. Maneno yanakaa kwenye boksi la chini, na yanapanda kwa ule waya. Akaniuliza boksi liko wapi. Nikamwambia liko Mlowo. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, ni nini nilichokuwa nakitafuta humo, nami nikamwambia yote. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na kwa miaka mingi wa mwisho. Alisema, "Nenda leo."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Kaka wa mume alinipokea vizuri, akaniita mama, akanipa kiti cha mgongo, mke wake akaleta chai. Sikutaka kuonyesha ninachokifuata. Nikamuuliza habari za watoto, za kahawa, kisha kama jambo la kupita tu, lile boksi vipi, linafanya kazi? Alifurahi kuulizwa. Akanipeleka chumba cha mbele, ambako alikuwa anapimia kahawa za watu, na kumbe alikwisha kulinunulia kioo kingine, kipya kabisa kwa kukitazama. Akaliwasha. Akanionyesha safu za kilo na majina ya wakulima.

"Lilikuwa limejaa makaratasi ya malori, mama," alisema. "Nikaleta kijana akalisafisha lote. Sasa lina nafasi, linakwenda upesi."

Nilimuuliza kama kabla ya kusafisha walisoma. Akasema wangesoma nini, ni mambo ya mizigo tu. Nikanywa chai yake yote. Nikashukuru. Nikarudi Tunduma.

Walikuja kahawa ilipokwisha, kama walivyosema: yeye, mama yake mzazi, na mzee mmoja wa ukoo wao. Walileta maharage debe zima na jogoo. Nilikuwa nimeiwasha monita tangu asubuhi, na taa yake ya chungwa ilionekana pale kwenye kona ya sebule, ambako nilikuwa nimeihamishia. Sikuiwasha kwa kupanga. Au tuseme niliipanga bila kujiambia. Mtoto nilimtuma kwa jirani.

Yule mzee akazungumza vizuri. Mtoto ni wa ukoo wote, kwa bibi yake atakuja likizo, shule ipo karibu, maziwa yapo. Kila alilolisema lilikuwa kweli. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, "Marehemu aliandika kuhusu mtoto."

Kaka wa mume akainua macho. "Aliandika wapi, mama?"

"Kwenye kompyuta yake. Aliniambia hospitali. Ilikuwa mbovu, nimeitengeneza kwa mikono yangu, mtaa mzima unajua. Nimesoma. Amesema mtoto abaki kwangu."

Akaigeukia ile monita. Akautazama ule waya uliofungwa kamba, hauendi popote. Yeye alikuwa anajua kompyuta. Akanirudishia macho, na nikaona anakumbuka chai tuliyokunywa na swali nililomuuliza. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nami ningekwisha. Mama yake alikuwa amekwisha kuanza kulia taratibu, akisema maskini, aliandika, maskini.

"Umesoma kwenye hiyo?" aliniuliza.

"Kwenye hiyo."

Akautazama tena ule waya. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Kisha akamwambia mzee wao, "Kama alisema, basi alisema." Hakuniangalia tena. Walikula, wakaondoka, wakaacha jogoo na maharage.

Sijui aliniona mwongo akanihurumia, au alifikiri niliwahi kusoma kabla yeye hajafuta, akaogopa kwamba kafuta sauti ya mtu aliyekufa. Kama ni la pili, nilimtwika mzigo usio wake. Alifariki miaka michache baadaye, mtu mzima bado mwenye nguvu, na kwenye msiba wake nilikaa na wanawake nikila ugali wao, na sikumwambia mtu.

Mtoto nikamlea. Fimbo sikuishika. Watu wa mtaa waliliona hilo wakasema uzee umemlainisha. Haukuwa uzee. Kila nikiinua mkono nilikuwa naona ile mistari mitupu kwenye kioo, na naacha. Monita yenyewe niliipeleka kwa fundi achukue vipuri. Hiyo haikusaidia kitu, kwa sababu mpaka leo nikikaa mbele ya dirisha jua likiwa ubavuni naanza kusoma.

Alikua na akili. Akaenda sekondari ya bweni, na huko wakawafundisha kompyuta. Likizo ya mwezi wa sita, akiwa kidato cha tatu, tulikuwa tunapepeta mahindi uani. Hakuinua kichwa. Alisema, "Bibi, ile barua ya mama. Ulisema uliisoma kwenye monita."

"Ndiyo."

"Na CPU ilikuwa Mlowo kwa baba mkubwa."

CPU ndilo lile boksi. Nikaweka ungo chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu siku aliyoanza shule ile. Nikamwambia yote, kama nilivyoyaeleza hapa, kuanzia kijiko. Alisikiliza huku akichambua punje mbovu, akizitupa kwa kuku moja moja.

Nilipomaliza aliuliza, "Na kama ungeisoma kweli, halafu ameandika niende kule, ungenipeleka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananipa njia.

"Nisingekupeleka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyepewa hesabu akaona imekaa sawa. Akamaliza mahindi, akafagia makapi. Kesho yake asubuhi akaniambia anakwenda Mbozi kwa bibi yake mwingine, kahawa imeanza kuiva na kule wana upungufu wa mikono. Nikamfungashia unga na mafuta. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumuuliza anarudi lini, mdomo ukafunguka, nikaufunga.

Ni wiki ya tatu sasa. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na kutoka Mbozi kwenda bweni kwao njia haipiti Tunduma. Juzi jirani alinisomea ujumbe kwenye simu, maana macho yangu hayazioni tena herufi ndogo: anachuma madebe mawili kwa siku, bibi wa kule ananisalimu, nisisahau dawa ya presha. Nilimwomba jirani aangalie vizuri kama hakuna maneno mengine chini. Akaangalia. Akasema ni hayo tu.